Maneno ya Mwisho ya Mwokaji

Bi Hafsa alikuwa akikaa eda. Swabir, mumewe, alianguka akifyeka bustani ya hoteli huko Diani, akaletwa nyumbani Mwabungo akiwa maiti. Hata kuagana hawakuagana. Na kilichomkaa mjane kooni ni hiki: katika ndoa yao yote, Swabir hakuwahi kumwambia kwamba anampenda. Aliziba paa, alileta samaki, alisema "alhamdulillahi", basi. Sasa Bi Hafsa angemwuliza nani?

Kilichobaki ni kanda ya video ambayo mgeni mmoja Mjerumani alimpa Swabir alipokuwa akirudi kwao. Ilikuwa filamu ya zamani, haina hata rangi, ya mwokaji mikate mnene anayemkimbiza bata mji mzima kwa sababu bata amemeza pete ya mkewe. Kila Idi televisheni iliunganishwa na betri ya gari, ua ukajaa watu, Swabir akatafsiri Kijerumani chake. Kila mtu alijua bata atapita wapi, na bado walishika mbavu. Wengine walianza kucheka mwokaji hajajikwaa bado. Idi iliyofuata zile ghasia za mwaka tisini na saba, majirani wa pwani na wa bara walipokuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni, ni bata huyo aliyewachekesha pamoja.

Mwishoni mwokaji husimama mlangoni, akamtazama mkewe. Hapo sauti ya Swabir ilishuka. "Anamwambia, 'Nikizaliwa tena, nitakutafuta wewe.'" Ua wote ulinyamaza, na Bi Hafsa kila mara alijitia kukusanya vikombe.

Jumapili moja Concepta, mpangaji wao kutoka bara, aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli ile ile, akijua Kijerumani kiasi, na ambaye kila Idi alikuwa zamu, alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, Bi Hafsa."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee ile kanda, unitafsirie wewe. Nataka kuyasikia yale maneno ya mwisho. Sauti ya marehemu imeanza kunipotea."

Mwenye kusema kwamba mjane hatazami video, na aseme. Bi Hafsa alifunga mlango, akaketi. Bata alipita, mwokaji akajikwaa, na hakuna aliyecheka. Kisha mwokaji akasimama mlangoni, akasema lake. Concepta alinyoosha mkono kuizima televisheni.

"Amesemaje?"

"Bi Hafsa, tuiache."

"Mimi si mtoto, Concepta."

"Amesema, 'Funga mlango, baridi inaingia.'"

"Na baada ya hayo?"

"Ni hayo tu." Concepta aliinamisha kichwa. "Tena sielewi. Mzee Kijerumani alikijua vizuri. Mimi mwenyewe nilipokwama na wageni, nilikuwa nikimwita kutoka bustanini."

Bi Hafsa alikumbuka kwamba kila Idi, filamu ilipofika hapo, Swabir hakuwa akiitazama televisheni. Uso wake ulikuwa umegeukia kwenye vikombe. Mwanamume yule mwenye haya, hakupata pa kuyasemea ila mbele ya kijiji kizima, kwa kinywa cha Mzungu.

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kikageuka kilio papo hapo. Concepta alimshika mabega mpaka akatulia.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema Bi Hafsa, akijifuta kwa ncha ya leso.

Mwokaji akasimama tena mlangoni. Safari hii Bi Hafsa hakukusanya chochote. Mwokaji alipofungua kinywa, alimjibu.

"Na mimi, Swabir. Na mimi nitakutafuta."