Gemu Isiyofunguka Mbooni

Kivuva alinunua gemu ya trekta, kumbe haifunguki bila intaneti, na kwao Mbooni mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Aliitukana hadi akachoka. Basi kila Jumamosi alibeba kompyuta kwenye begi, akapanda bodaboda hadi Mbumbuni, dukani kwa Mzee Haroun, aliyempa waifai bure, chai, na ushauri mwingi wa kupanda ndengu ambao hakuuomba.

Mwezi huu mnara mpya wa mtandao uliwashwa Mbooni, na gemu ikafunguka nyumbani mara moja. Jumamosi ilipofika, Kivuva akateremka Mbumbuni na begi lake vilevile.

“Bado haifunguki kwenu?” Haroun akauliza.

“Imekataa kabisa, mzee.”

“Pole. Hata hapa waifai imekatika tangu jana.”

Mezani vikombe viwili vilikuwa vimeshajazwa chai. Kivuva akasukuma begi chini ya kiti, akaketi.

“Asante, mzee. Hebu niambie tena vile ndengu hupandwa.”