Mguu Uliokataa Umeme

Kwaru. Kwaru. Ilikuwa kandambili yangu ya kushoto ikiburuta sakafuni, kabla ya mapambazuko, nikienda kuwasha makaa.

"Mama, ni we?" Tania aliuliza kutoka mkekani. Hakuhitaji jibu. Ana miaka minne, na kwa miezi mitatu alinijua kwa sauti hiyo.

Mguu wangu ulilegea nilipomzaa mdogo wake, Bienfait. Uchungu ulichukua siku mbili, kichwa cha mtoto kikabana mshipa wa fahamu, na tangu hapo vidole vyangu vilitazama chini tu. Siku moja nilijikwaa kizingitini naye akiwa mgongoni. Hakuumia, lakini mama mkwe, Mama Adolphine, alimfungua palepale akamfunga mgongoni mwake.

"Utamubeba siku mguu itakusikia."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mgongo wangu ulibaki mwepesi mpaka unauma.

Kwenye kituo cha afya hapa Baraka, Anatole, mtaalamu wa viungo, alikuwa na mashine ya kuamsha misuli kwa umeme, ya betri, ndogo kama redio ya mkononi. Ingekaa majuma matatu tu, kisha ipande milimani, Fizi, kwa wagonjwa wengine. Alinibandika vibandiko viwili chini ya goti, akazungusha kitufe.

"Unasikia?"

"Bado, docta."

"Na sasa?"

"Kama sisimizi mumoja. Tena amechoka."

Alicheka. Kikao cha nne hakucheka tena. Vibandiko viliteleza kila mara, akadhani gundi imezeeka, akavifunga kwa bande ya kitambaa.

"Kama musuli haijibu juma hii, tutaacha umeme. Nitakutafutia kifaa cha kushikilia mguu."

Kikao cha tano Mama Adolphine alinisindikiza, Bienfait mgongoni. Anatole alipogeuka kuchukua bande, mama akachomoa kichupa kiunoni, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kunikanda palepale chini ya goti.

"Mama! Unafanya nini?"

"Namukinga. Moto yako isimuunguze. Kila asubuhi namukanda mbele akuje kwako."

Anatole akashika kichwa. Mimi nikatazama chini. Kwetu mzazi, mwanamke aliyejifungua, hakatai mikono ya mama mkwe, ningeanzia wapi? Tena mafuta yale ya kokwa za michikichi hayana rangi, na mimi nilikuwa najifuta vizuri nisichafue kitanda cha docta.

"Mama, umeme haipite kwa mafuta. Ni we unaifungia mulango."

"Mi nimekanda bamama bazazi kumi na mumoja! Hata mumoja hakulalamika."

"Hata mi silalamike, mama. Naomba tu sabuni."

Mama akaniosha yeye mwenyewe, kwa sabuni ya kufulia, akisugua kama sufuria iliyoungua. Safari hii vibandiko vikashika. Anatole akazungusha kitufe kidogo tu. Sisimizi wakaja, kundi zima, kisha msuli ukajikaza wenyewe na vidole vikainuka.

"Yesu!" mama alipiga kelele. "Kumbe inasikiaka!"

"Sasa na we inua pamoja nayo," Anatole aliniambia. "Mashine inaamusha tu. Kutembea ni kazi yako."

Tukakubaliana: umeme kwanza, mafuta baadaye. Mama hakukosa kikao hata kimoja, sabuni imefungwa kwenye pindo la kitenge. Mashine ilipopanda Fizi nilibaki na mazoezi: kuinua vidole nikichambua maharage, kuinua vidole nikinyonyesha. Mguu haujapona wote. Jioni bado unachoka.

Juzi asubuhi, giza halijaondoka, mama mkwe alinigeuza, akamweka Bienfait mgongoni mwangu, akakaza fundo mara mbili. Nikavuka kizingiti. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Nikawasha makaa, nikarudi, nikainama kumfunika Tania. Akafumbua macho, akashtuka.

"Mama, leo sikukusikia ukikuja."