Nusu Inchi Chini ya Gari la Mzee Klachi

"Toka huko chini! Toka, nasema, kabla sijakuvuta miguu!"

"Vuta uone!" Sauti ya Mzee Klachi ilitoka uvunguni mwa gari, imebanwa kama ya mtu aliyejifungia ndani ya pipa. Mwili wake wote ulikuwa huko. Nje zilibaki ndala mbili na visigino vilivyopasuka. "Miaka thelathini na minne nimeendesha malori, binti. Wewe umeendesha nini? Cherehani!"

"Cherehani haijamlalia mtu kifuani."

Mke wa mzee, aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi, aliangua kicheko, kisha akakimeza haraka kabla mumewe hajakisikia vizuri.

Mama Pindo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu macho yake hayawezi kupita pindo lililokwenda upande bila kulitangaza. Aliwahi kumnong'oneza bibi harusi, keshafika mlangoni na wageni wameshasimama, kwamba kushoto kwake kumeshuka. Bibi harusi alilia, lakini pindo likashonwa. Ila kazi yake hasa si magauni. Anashona viti vya magari, na kwa miaka kumi na moja cherehani yake imekaa kwenye kona ya gereji ya mtaa wa pili, naye akishona huku akiangalia magari yakipanda na kushuka. Aliyoyaona huko ndiyo yaliyomrusha ukuta wa jirani asubuhi hii, nguo zake mbichi zikibaki kwenye ndoo.

Maana alichokiona kilikuwa hivi. Gari dogo, tumbo karibu na ardhi, limeinuliwa mbele kwa jeki ya mafuta iliyoliwa kutu. Jeki imekaa juu ya udongo. Kandoni mzee amepanga matofali matatu ya saruji, yale yenye matundu, moja juu ya jingine, ati ndiyo bima yake. Na kati ya tofali la juu na gari kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Kwa hiyo gari zima, na uhai wa mtu, vilikuwa vimeshikwa na jeki peke yake.

"Mzee wangu, nakuomba kwa heshima zote."

"Heshima gani ya kumpigia mtu kelele kwake? Oili itamwagwa, oili itawekwa, na kesho alfajiri nipo barabarani."

Hapo ndipo penye kidonda, na Mama Pindo alikijua, kwa sababu ukuta kati ya nyumba hizi mbili haujawahi kuzuia neno. Binti wa mzee amejifungua mtoto wa kwanza, mbali, mwendo wa saa tano. Alipiga simu kusema atatuma dereva aje kuwachukua wazazi. Dereva! Mzee alishika kiuno akauliza kama ameshazikwa. Mjukuu wangu, akasema, atanikuta nimeshika usukani. Neno hilo alilisema dukani, kwa kinyozi, na kwa kila aliyesimama kumsalimu. Gari lisipokuwa tayari leo, dereva atakuja, na mtaa utachungulia madirishani ukimtazama Mzee Klachi akipanda kiti cha nyuma kama mzigo.

Mtu wa namna hiyo huwezi kumnyang'anya spana. Mama Pindo aliinua macho, akatazama ukuta ulio nyuma ya gari. Ulikuwa umepakwa rangi mbili, kijivu chini na nyeupe juu. Alipoanza kuanika nguo, ukingo wa chini wa mlango wa gari ulikuwa sawasawa na mstari wa rangi, kama umeshonewa. Sasa ukingo huo ulikuwa umeanza kuzama kwenye kijivu.

"Gari lako limeshuka nusu inchi," alisema polepole.

"Uongo."

"Tangu nianike shuka la kwanza. Jeki inavuja. Toka uje uone mwenyewe. Ukinikuta nimesema uongo, nitakunyamazia mwaka mzima."

Chini ya gari spana iliacha kulia.

"Mwaka mzima? Wewe?"

"Hata salamu nitatoa kwa mkono."

Mkewe akadakia, "Baba, hiyo bahati haiji mara mbili!"

Ndala zilijikunja. Visigino vilisukuma udongo, magoti yakafuata, kisha tumbo, kisha kichwa chenye oili kwenye kipara. Mzee alisimama akijifuta, tayari kwa mwaka mmoja wa raha, akafumba jicho moja na kutazama ukuta.

Akabadilisha jicho.

"Ukuta ndio umepinda," alisema, lakini bila nguvu.

"Rudini nyuma. Wote wawili. Na wewe shoga, mpaka mlangoni." Mama Pindo alichukua fagio la ua, akasimama mbali, akalisukuma gari ubavuni kwa ncha ya mpini. Alisukuma kidogo tu, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Jeki ililala upande. Gari likakaa juu ya matofali, na kwa pumzi moja ilionekana kama mzee angeshinda. Kisha tofali la juu likapasuka kama biskuti, la pili likafuata, na gari likatua kwa kishindo kilichomwaga maji ya ndoo ya nguo ng'ambo ya ukuta. Beseni la plastiki lililosubiri oili, pale pale kifua cha mzee kilipokuwa, lilibaki bapa kama sahani.

Mke wa mzee aliketi kizingitini, mwiko bado mkononi.

Mzee Klachi alilitazama beseni. Alipomgeukia mkewe, sauti ilikuwa ndogo. "Mama, mpigie mtoto. Mwambie alete huyo dereva."

"Dereva wa nini?" Mama Pindo alikuwa keshajifunga kanga kiunoni. "Gari limekufa? Mtu amekufa? Saa nne hii, mzee wangu. Tutoe hivyo vifusi. Mimi nakwenda gereji."

Alirudi anasukuma toroli. Ndani mlikuwa na jeki ya magurudumu, kabari nne za mbao, beseni la bati, na vitu viwili vya chuma, kila kimoja na miguu minne iliyotanuka.

"Hizi ndizo stendi. Jeki inainua, stendi inashika. Ukizichanganya hizo kazi mbili, umekwisha."

"Sisi barabarani tulitumia mawe."

"Na wangapi mmebaki wa kusimulia?"

Mzee alikohoa, akashika gari kwa nyuma. Walilisukuma watatu mpaka kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba, pasipozama kitu. Mama Pindo alitia gia, akavuta breki ya mkono, akagongelea kabari kwenye magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma ya kila tairi ili lisipate pa kukimbilia. Jeki ikaingia katikati, kwenye mhimili wa mbele. Alimwachia mzee apampu.

"Polepole. Sasa njoo uone hapa." Alichora kwa chaki yake ya kitambaa chini ya mlango, pale bati lilipokunjwa mara mbili, kati ya vialama viwili vya kiwandani. "Stendi inakaa hapa tu. Unaona? Hata gari lina pindo, na pindo ndilo lenye nguvu."

Mzee alicheka, kicheko cha kwanza tangu beseni lipondwe. "Kumbe mtaa haukukosea jina."

Stendi zikasimama, moja kila upande, juu zimewekwa vipande vya ngozi ya kiti zisikwangue. Mzee alilegeza jeki mpaka gari likazikalia, halafu akaiacha iguse tu, iwe shahidi.

"Sasa tikisa," Mama Pindo alisema.

Mzee alitikisa kwa kiganja. Akatikisa kwa bega. Akatikisa kama anamdai mtu. Gari halikusema kitu.

Mkewe aliuliza kutoka mlangoni, "Sasa nani anaingia?"

Mama Pindo alimnyooshea mzee spana. "Gari la nani?"

Mzee aliingia. Oili nyeusi ikashuka kwenye beseni la bati, nati ikarudi, chujio jipya likakazwa, na nusu saa nzima aliimba huko chini kwa sauti iliyosikika mpaka kwa kinyozi. Gari lilipokanyaga sakafu tena, alimimina oili mpya, akawasha injini, akasikiliza, akazima, akanawa mikono mpaka viwikoni.

Mama Pindo alikuwa keshapanga vyuma kwenye toroli. "Haya, safari njema. Msalimieni mtoto."

"Unakwenda wapi?" Mzee aliingia ndani, akavuta kigoda mpaka kwenye mkeka wa chakula, akakishika kwa mikono miwili na kukitikisa. Akakitikisa tena, kwa bega.

"Kimekaa," alisema. "Pita ndani, Mama Pindo, ule."