Mbwa wa Kuazima

Ruhusa ilipofika Jumatano asubuhi, Tunduma walishangilia kana kwamba wameshafunga bao. Fanueli peke yake ndiye aliyeshindwa kumaliza chai yake.

Alikuwa kipa wa Radi ya Mpakani, lakini Radi haikuwa mwajiri wake. Mwajiri wake ilikuwa Mawimbi, klabu kubwa ya Dar es Salaam, iliyomtoa Isongole akiwa kijana, ikamfundisha, ikamweka nyuma ya makipa wawili wasiougua wala kuzeeka, kisha ikampeleka Radi kwa mkopo wa msimu mmoja. Mkopo ulikuwa na sharti lililojulikana hadi kwa madereva wa malori waliopanga foleni ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia: dhidi ya Mawimbi, Fanueli hachezi.

Mzunguko wa kwanza sharti lilitekelezwa. Yonasi, kipa wa akiba, alisimama langoni kule Dar es Salaam akafungwa manne, na mashabiki wa Mawimbi wakaimba kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Tangu siku ile Bashiri, mwenyekiti wa Radi na mwenye malori, hakunyamaza. Hoja yake redioni ilikuwa fupi, tena sahihi. Fanueli aliwanyima pointi wapinzani wote wa Mawimbi. Ikifika zamu ya Mawimbi wenyewe, anavuliwa glavu. Kwa maneno mengine, Mawimbi wana kipa langoni kwao na kipa mwingine langoni kwa jirani, na wote wawili wanawalinda wao. Ikiwa huo ni mkopo, aliuliza Bashiri, mtego ni upi?

Fanueli aliikubali hoja hiyo na aliirudia mbele ya waandishi wa habari. Kwa hiyo Mawimbi walipotangaza, wiki ya mechi ya mwisho, kwamba wameliondoa sharti ili haki itendeke, hakuwa na wa kumlaumu. Radi walihitaji sare ili wasishuke daraja. Mawimbi walihitaji ushindi ili wachukue ubingwa. Katikati ya mahitaji hayo mawili palikuwa na lango, na langoni yeye.

Akaiacha chai, akatoka. Kukaa kulimshinda. Alipita sokoni bila kuwa na cha kununua, na hapo ndipo Restuta, muuza maparachichi asiyekosa mechi hata moja ya Radi, alipomwona.

"Fanueli! Mwanangu, Jumapili unadaka au unapokea?"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko.

"Nadaka, mama."

"Haya. Mikono tunajua ni ya Isongole. Glavu je, nani kanunua?"

Kicheko kikapanda. Fanueli naye akacheka, kwa kuwa kutocheka kungekuwa jibu baya zaidi, akaendelea na njia yake. Glavu zilinunuliwa na Mawimbi. Mshahara ulitoka Mawimbi. Mkataba wake nao ulikuwa bado haujaisha. Hayo hayakuwa siri, na hadi asubuhi ile hayakuwa hata kosa.

Mazoezini alifika kabla ya wenzake. Upepo wa Juni ulikuwa ukivuma kutoka upande wa barabara kuu, ukichota vumbi na kulimwaga uwanjani. Yonasi alimkuta akiipima mipira ya juu, akirusha na kudaka mwenyewe kama mtu aliyefukuzwa nyumbani.

"Dogo, utaumaliza mwili bure," Yonasi alimwambia. "Njoo ukae nikupe habari ya mbwa."

"Mbwa gani, kaka?"

"Wa kwetu Msangano. Baba mdogo alikuwa anaibiwa mpunga. Gunia linajazwa jioni, asubuhi limepungua. Akaenda kwa jirani, akaazima mbwa. Mbwa mkali huyo, kuku tu akipita anabweka. Basi, mwizi akaja. Mbwa kimya. Akaja tena. Mbwa kimya! Kumbe mwizi ndiye mwenye mbwa. Akifika, mbwa anamtingishia mkia, anamlamba na mikono."

Wachezaji waliokuwa wakifunga viatu walicheka hadi mmoja akaegemea mlingoti. Yonasi alikuwa hodari wa kusimulia, na alikuwa amekaa benchi karibu msimu mzima kwa sababu ya huyu aliyekuwa akisimuliwa. Kila mtu alielewa.

Fanueli alingoja wanyamaze. "Na mwisho wake?"

"Mwisho wake nini? Mwizi alikamatwa, akalipa debe moja, wakasameheana. Ni majirani."

"Nauliza mbwa. Alifanywaje?"

Yonasi alifikiri kidogo. "Alichapwa," alisema. "Alichapwa mpaka akatoroka." Kicheko chake kikamwishia njiani.

Baada ya mazoezi Fanueli alimfuata Kocha Gasper, aliyekuwa akikusanya koni mwenyewe kama kawaida yake.

"Mwalimu, naomba Jumapili nisipangwe."

Gasper hakuinua kichwa. "Unaumwa?"

"Siumwi. Kipa yeyote hukosea. Yonasi akikosea, amekosea. Mimi nikikosea, nimeuza. Siwezi kudaka nikiwa sina ruhusa ya kukosea."

"Ruhusa umepewa na Mawimbi."

"Ya kucheza, mwalimu."

Kocha akazipachika koni moja juu ya nyingine. "Tuseme sikupangi. Watasema umelipwa ukae nje. Nikikupanga ukadaka vizuri, Mawimbi wamejipatia kipa wa mwakani. Ukidaka vibaya, wamejipatia kombe. Katika mambo haya yote, Mawimbi hawana Jumapili mbaya. Sisi ndio tuliopiga kelele wakupe ruhusa, wakakupa. Kwao ilikuwa rahisi."

"Kama unayaona hayo, mbona unanipanga?"

"Kwa sababu wewe ndiye kipa bora niliyenaye. Mengine si kazi yangu."

Hilo halikuwa la kufariji, ila lilikuwa kweli, na Fanueli alilichukua kama lilivyo. Siku zilizobaki alizimaliza kwa miguu. Alikwenda hadi upande wa Chapwa akarudi, akapita foleni ya malori, akapita wabadilisha kwacha waliomwita kwa Kibemba, "Mulishani, kipa!", naye kila salamu aliisikiliza mara mbili kama kuna neno limefichwa ndani yake.

Jumapili uwanja ulijaa mapema. Kipindi cha kwanza Fanueli hakukosea kitu. Alidaka mpira wa kichwa uliopigwa karibu. Alipangua mkwaju wa chini uliokuwa ukielekea pembeni kabisa. Kila alipookoa, jukwaa lililipuka, kisha likatulia haraka mno. Alihisi kwamba halimshangilii, linamkagua. Mabeki wake nao walikuwa wakigeuka kumtazama kila mpira ulipokwenda kwake, jambo ambalo hawakulifanya hata mara moja msimu mzima.

Kipindi cha pili walibadilishana pande, upepo ukawa mgongoni mwake. Mawimbi wakapata mpira wa adhabu mbali, karibu na mstari wa pembeni. Uliinuliwa juu, mpira wa kawaida, wa aina ambayo aliidaka kila siku. Fanueli alihesabu utaangukia penye nukta ya penalti, akatoka. Upepo ukapungua. Mpira uliokuwa umezuiwa ukaachiwa, ukampita juu ya vidole, ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukaingia.

Sauti moja ikapaa kutoka jukwaa la mashariki: "Kapokea!" Uwanja mzima ukaidaka.

Beki mmoja wa Radi alikuwa amelala chini, ameumia mguu katika purukushani, na mchezo ukasimama. Benchi halikuwa mbali na lango lile. Fanueli alikwenda kuchukua maji, kwa kuwa hakujua aende wapi, akamkuta Bashiri ameshashuka kutoka jukwaa kuu, kanzu imeshikwa mkononi isimkwaze.

"Mtoe! Gasper, mtoe huyu sasa hivi! Yonasi, simama!"

Kocha alimtazama Yonasi. Yonasi alikuwa ameshavaa glavu. Alizitazama, akaivua ya kulia, kisha ya kushoto.

"Mwenyekiti, mimi kule Dar nilifungwa manne. Uliniambiaje?"

"Nilikwambia huna maana! Simama!"

"Basi na huyu mwambie hivyo hivyo." Yonasi akaziweka glavu chini ya benchi, akakaa.

Kocha Gasper alimgeukia Fanueli. "Umekunywa? Rudi golini."

Alirudi. Dakika zilizobaki alizicheza mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, hakutulia hata mpira ulipokuwa upande wa pili. Aliokoa mashuti mawili, moja gumu. Radi waligonga mlingoti. Mechi ikaisha bao moja kwa sifuri. Mawimbi walikuwa mabingwa, Radi wameshuka.

Mbele ya mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, watu wakiwa wameinua simu zao, meneja wa Mawimbi alimshika mkono akautikisa muda mrefu. Alikuwa mtu mstaarabu na hakuwa na nia mbaya. "Asante sana, kijana," alisema kwa sauti iliyosikika. "Basi letu lina nafasi, ukitaka kurudi na wenzako." Fanueli aliutazama mkono wake ndani ya ule mwingine. Akajua kwamba hadi jioni Tunduma nzima itakuwa imeiona picha ile, na kwamba hakuna maelezo yatakayoishinda.

"Nitapanda basi la abiria," alisema, akauchomoa mkono.

Alitokea lango la nyuma na begi lake. Njia nzima neno lilikuwa lile lile, kapokea, kapokea, wengine wakisema kwa hasira, wengine kwa kunong'ona. Penye kona Restuta alikuwa amekaa na beseni lake la maparachichi, macho mekundu, skafu ya Radi shingoni.

"Wewe!" alisema akisimama. "Mpira ule? Mpira ule hata bibi yangu angedaka! Kipa mbovu wewe!"

Fanueli akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kutulia tangu Jumatano.

"Umesemaje, mama?"

"Mbovu! Huna mikono! Umetoka golini unakwenda wapi, sokoni?"

"Nilikosea upepo."

"Upepo! Kazaliwa Isongole, kakulia kwenye upepo, leo kakosea upepo!" Akainama, akachukua parachichi, akamtupia kwa nguvu zake zote. Fanueli alilidaka kwa mkono mmoja, karibu na sikio.

Restuta alilitazama parachichi, akamtazama na yeye.

"Hilo umelidaka," alisema kwa uchungu. "Sasa hivi ndiyo unadaka."

"Ndiyo, mama."

"Kipa mbovu," alirudia, sauti ikianza kumvunjika, akakaa chini akapangusa uso kwa skafu. Fanueli alilifuta parachichi vumbi, akalirudisha ndani ya beseni taratibu, akachukua begi akaelekea stendi.