Treni Zinakwenda Kama Kawaida

Shangazi aliingia saluni kwangu amefura, akaketi bila kusalimia. Nikajua kuna jambo, maana shangazi yangu husalimia hata kuku.

"Kamati imemkata baba yangu," akasema. "Pale stesheni wanaandika ukutani majina ya madereva waliogoma zamani. Mwenyekiti anadai baba hakugoma, eti alifukuzwa kwa ulevi!"

"Babu? Yule aliyelewa chai tu?"

"Anataka ushahidi, si porojo za saluni."

Porojo za saluni! Hapo alinigusa pabaya. Nikafunga mlango, tukaenda maktaba. Mteja wangu, kichwa kimesukwa nusu, akatufuata hivyo hivyo. Umbea mtamu kama huo angeuachaje?

Mkutubi alitutolea magazeti ya wiki ile ya mgomo, yamejaladiwa, yananuka vumbi. Ukurasa wa mbele, herufi kubwa: TRENI ZINAKWENDA KAMA KAWAIDA. Shangazi akanywea.

"Basi tena."

"Basi nini, shangazi? Ukurasa wa mbele umepakwa poda. Habari za watu ziko nyuma."

Mimi gazeti huanzia matangazo: nani kaoa, nani kafa, nani anauza kitanda. Nikafunua. Sinema imeahirishwa, filamu haijafika kwa treni. Bwana harusi anawaomba radhi wakwe, amekwama stesheni siku ya pili.

"Kawaida gani hiyo?" akauliza Kichwa Nusu, kwa sauti. Mkutubi akatunyamazisha, kisha naye akainama kusoma.

Ndipo tukalikuta. Tangazo la shirika la reli, picha za wanaume tisa, kila mmoja na jina lake: "Hawa si wafanyakazi wetu tena. Wamekataa kuendesha treni. Umma usishirikiane nao." Wa nne alikuwa babu, masikio kama vishikio vya sufuria. Shangazi akashika yake, akaanza kucheka huku analia.

Jioni mwenyekiti alisoma nakala, akairudia.

"Haya, mama. Jina litaandikwa."

"Jina peke yake? Na picha. Na maneno yao hayohayo, wamekataa kuendesha treni. Walidhani wanamwaibisha!"

Mwenyekiti akatazama picha, akatazama masikio ya shangazi, cheko likamtoka. "Na picha, mama. Na maneno."

Njia nzima ya kurudi, shangazi alisalimia kila mtu. Na kuku.