Kinyozi Aliyeitwa Redio

Wateja walimbandika kinyozi yule jina la Redio, maana tangu anafungua mlango asubuhi mpaka anafagia nywele jioni, mdomo wake haukuwa na kituo. Mama mkwe wake hakuwahi kumkubali sawasawa. Binti yake, mwalimu wa hesabu mwenye kichwa chepesi, angeolewa na mtu makini. Badala yake akaangukia kwa mpiga soga.

Kwa hiyo aliposikia kwamba binti ana mwezi wa pili haendi kazini, hana homa wala ugonjwa wowote unaoonekana, mama alifunga virago akaenda na lake moyoni: amnyanyue mwanawe kitandani, kisha ampashe huyo mkwe.

Alikuta nyumba kimya. Redio alimpokea mzigo, akamwamkia, akamwandalia chai, na maneno yake yote hayakujaza kiganja. Chumbani, binti alikuwa amelala akiutazama ukuta, shuka hadi kidevuni. Alimsalimia mama yake kwa sauti iliyotoka mbali.

Siku tatu mama alikaa akitazama. Kila asubuhi Redio alifungua pazia nusu, akamletea mkewe uji na vidonge, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kumwambia ajikaze. Akinywa vijiko vitatu tu, Redio alisema, "Vitatu si haba," akachukua bakuli, akaenda kufungua duka. Saa sita alirudi kumwona. Alhamisi hakufungua kabisa, kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki, na mkewe hakwenda kliniki peke yake.

Siku ya nne uvumilivu ukamwisha mama. Aliingia chumbani, akafungua pazia lote, akasema yake: yeye amezaa watoto sita, amefiwa na mume, na hajawahi kushinda kitandani. Binti alijibu neno moja, "Samahani." Kisha akajifunika gubigubi, na siku ile hata vijiko vitatu havikuingia.

Redio aliporudi, mama alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, majibu tele kinywani. Lakini mkwe alimwomba wakae jikoni, akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Mama, sikulaumu. Hata mimi nilianza hivyo hivyo, na unanijua, kwa maneno sishindwi. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamkaripia. Kila nikisema, ananiomba radhi. Nikaona namwongezea kazi tu. Anaumwa, na bado aniombe radhi?"

"Anaumwa nini hasa?"

"Sonona. Daktari kasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, ila hauna haraka. Si uvivu, Mama. Mtu aliyekuwa akisahihisha madaftari mia mbili kwa wiki hawi mvivu ghafla."

Kulikuwa na jambo lililomtatiza mama tangu afike: alitafuta wembe wa kukatia uzi nyumba nzima, nyumba ya kinyozi, asiupate. Akauliza. Redio alitazama sakafu. Alieleza kwamba daktari alimuuliza mkewe swali gumu, naye akajibu ukweli, na siku ile ile vyote vyenye makali vilihamia dukani, kwenye kabati lenye kufuli. Hata mboga alizikata mwenyewe alfajiri, akaondoka na kisu mkobani. Mama alikuwa amedhani ni kiherehere.

"Na wewe," aliuliza taratibu, "nani anakushika mkono?"

Machozi yakamtoka Redio, akayafuta kwa kiwiko. Miaka tisa mama alimhesabu kuwa mtu mwepesi; sasa alimwona amebeba mzigo ambao wanaume wengi aliowajua wangeutua njiani na kwenda zao. Alishikwa na heshima, na aibu kidogo.

Akakaa miezi miwili. Alijifunza kuketi na binti yake akichambua maharage, bila kusema kitu, kazi iliyomshinda mara nyingi. Jioni alimfukuza Redio aende kwa jirani yake fundi viatu wakacheze drafti, apumue. Hali haikunyooka. Binti aliweza kuoga na kula wiki nzima, kisha akarudi ukutani. Daktari alibadilisha dawa. Redio aliendelea na pazia lake la nusu.

Mchana mmoja binti alisema anataka kutembea hadi dukani. Aliketi kwenye benchi la wateja. Redio, mashine mkononi, alikuwa akibisha kwamba timu yao ikishinda mechi tatu zilizobaki, ubingwa ni wao.

"Hamwezi," sauti ikatoka kwenye benchi. "Mechi tatu ni pointi tisa. Mko nyuma kwa kumi na moja."

Duka zima likaangua kicheko. Redio alizima mashine, akaingia chumba cha nyuma, na mteja akabaki na nusu kichwa mpaka kinyozi wake alipojiweza.

Muhula uliofuata binti alirudi shuleni, kwa nusu ya vipindi. Mama akarejea kwake, na kila aliyemuuliza habari za mkwe alijibiwa kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu.

Mwaka uliofuata simu ililia asubuhi.

"Mama, ugonjwa umerudi," Redio alisema. "Lakini safari hii kaniambia mwenyewe, siku ya kwanza kabisa."

Mama alimuuliza kama amekula. Kisha akaingia chumbani kutafuta begi.