Sinia Lisilo na Mwenziwe

Nipe namba yoyote nami, kabla hujameza mate, nitakwambia inagawanyika kwa ngapi. Hakuna namba iliyowahi kunidanganya. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu likizo ile ya mwaka hamsini na sita, niliporudi nyumbani Muheza kutoka shule ya sekondari na kaptula ya pasi na mdomo usio na breki. Niliyasema sokoni kwenye machungwa, nikayasema kwa kinyozi, na laiti ningekomea kwa kinyozi. Nikayasema mbele ya Asheri.

Asheri ni mtoto wa Mzee Fanueli, Mshambaa aliyeteremka zamani kutoka milimani kuja kukata mkonge. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la nane. Mimi nikaendelea, yeye akaingia shambani na baba yake, mikono ikajaa makovu ya miiba. Sasa alikuwa ameitwa Tanga kwenye mtihani wa mdomo wa kuingia kozi ya udresa, wale wasaidizi wa hospitali. Umri wake ulikuwa ukingoni. Wakimkataa safari hiyo hawamwiti tena, na mkonge ungekuwa wake mpaka uzeeni. Alisikia kwamba wanapenda kuuliza hesabu za kichwa: namba hii inagawanyika kwa fulani au haigawanyiki, na usigawanye. Akaja barazani kwetu nimfundishe.

Nikamwambia namba ni za aina mbili tu. Kuna shufwa, zinazokwenda wawili wawili, na kuna witiri, ambazo mmoja lazima abaki kapera. Asheri akasema basi yeye ni witiri. Nikamjibu kwamba sisi Waislamu witiri tunaisali, lakini wao Walutheri wamezoea kuimba kwa sauti nne, ndiyo maana vichwa vyao vimelalia shufwa. Alicheka mpaka dada yangu Saleha akachungulia mlangoni.

Hapo nilifundisha vizuri, sijisifu. Witiri haigawanyiki kwa shufwa hata uiombe, kwa hiyo wakikutajia mia saba thelathini na tano kwa sita, usijisumbue. Inaishia na tano, ni witiri, imekwisha. Ikiwa shufwa, jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nzima inagawanyika kwa sita, kwa kuwa mbili mara tatu ni sita. Asheri alijaribu moja, akajaribu nyingine, macho yakamng'aa.

"Na nane?" akauliza.

Nane sikuwahi kuifikiria. Lakini mtu aliyejisifu mpaka kwa kinyozi hawezi kusema ngoja kwanza.

"Mtindo ule ule," nikasema. "Mbili mara nne ni nane. Ikiwa shufwa, na tarakimu mbili za mwisho zikagawanyika kwa nne, basi inagawanyika kwa nane."

"Una hakika, mwalimu?"

"Kamuulize kinyozi."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya Asmahani, binti wa ami yangu Mwinyijuma, na mimi msomi nikapewa kazi ya kupanga wazee kwenye pilau la mchana. Kwetu sinia moja ni watu wanne, na birika moja la kunawia huhudumia masinia mawili, yaani watu wanane. Wazee walikuwa kumi na wawili. Nikamwambia Saleha kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kumi na mbili ni shufwa, inagawanyika kwa nne, masinia yatakwenda na wenzao bila hata moja kubaki. Saleha akanawisha sinia la kwanza na la pili, birika likakauka. Sinia la tatu likakaa peke yake, wazee wanne wamenyoosha mikono mikavu.

"Msomi," akasema ami Mwinyijuma, "hili halina mwenziwe."

Watu wakacheka. Mimi nikahesabu upya. Kumi na mbili kwa nne ni tatu, na tatu ni witiri. Haitoshi namba igawanyike kwa nne. Jibu lenyewe nalo lazima liwe shufwa, ndipo nane itimie.

"Kumbe nane sivyo," nikasema. "Nimempoteza Asheri."

Saleha, birika la pili mkononi, akauliza nimesema nini. Nikamwambia amimine maji, wazee wana njaa.

Siku ya pili nikaenda stesheni kumsindikiza Asheri. Alivaa shati la baba yake, kola imezidi shingo. Neno lilinifika ulimini. Lakini alikuwa akiwaeleza abiria wenzake kwamba huyu ndiye mwalimu wake, nami nikamtania kuhusu shati mpaka treni ikaondoka.

Tulisikia baadaye yaliyompata. Walimpa 2,532 kwa nane. Akasema inagawanyika, akaeleza na kanuni. Wakampa karatasi agawanye, ikabaki nne. Akasema samahani, mkono wake umekosea, kanuni ni ya mtu wa sekondari. Akaomba karatasi nyingine. Ikabaki nne tena. Hata hapo hakuiacha kanuni yangu, na wao wakaona kijana asiyeamini kilicho mbele ya macho yake hawezi kupimia wagonjwa dawa.

Jumapili moja baada ya ibada Mzee Fanueli akaja kwetu na Asheri, na kikapu cha machungwa cha kunishukuru. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Hakuja kulaumu. Alisema anataka kujua jambo moja tu kabla mvulana hajarudi shambani.

"Idarusi, niambie kweli. Mwanangu ni mzito wa kichwa?"

Ningeweza kujibu kwa neno moja.

"Si mzito, Mzee. Ana haraka. Nilimfundisha sawasawa, nadhani kwenye nane alichanganya."

Asheri alitazama viganja vyake. "Itakuwa nilichanganya, baba."

Saleha alikuwa akiweka kahawa. Hakuwa na nia mbaya, nadhani alitaka kumtetea Asheri tu.

"Kaka, si ulisema siku ya harusi kuwa nane sivyo, umempoteza Asheri? Nikakuuliza, ukanambia nimimine maji."

Asheri akainua uso.

"Harusi ilikuwa Jumamosi," akasema Mzee Fanueli polepole, akinitazama. "Treni ilikuwa Jumapili."